Nusu Yako ya Blanketi

Kaka yangu,

Sauti iliyobaki nami ni ya misumari. Misumari ya viatu vya ngozi ikigonga mawe ya njia, juu ya nyumba yetu, pale njia inapokatiza mfereji. Nilikuwa nimekaa mbele ya mafiga nikimenya ndizi. Wapagazi hushuka miguu mitupu au na katambuga za mpira, hawasikiki mpaka wawe mlangoni. Upande wetu wote mwenye viatu vya misumari alikuwa wewe, tangu yule mgeni wa mwaka juzi akuachie vyake. Kwa hiyo nilimwambia mama yetu, Mae, "Kaka huyo." Nikaongeza ndizi kwenye chungu. Mae akakifuta kigoda chako kwa upindo wa nguo yake.

Hukuwa wewe. Alikuwa mgeni wako, yule mzungu uliyempandisha mlimani. Alitangulia, akitembea vizuri kabisa, na begani alikuwa amejitanda kipande cha blanketi la kijivu. Nyuma yake walikuja watu wanne wasiotoa sauti yoyote, wamekubeba.

Naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako. Mchungaji ameniambia kwa upole kwamba marehemu hasemwi, anaombewa. Nimekuombea. Sasa nataka kukusema, na nataka kukusema mbele za watu, ndiyo maana barua hii sikuitia kwenye bahasha.

Unaikumbuka siku uliyonionyesha njia ya warina asali? Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na minne. Mae alitutuma kuni, kwa amri kwamba tusipite mwisho wa migomba. Wewe ulipita, nami nikakufuata kwa sababu nilikuwa nakufuata kila mahali. Tulipanda mpaka miti mikubwa ikaisha, ikaanza ile midogo yenye ndevu za kijivu, na ukungu ukawa unapita katikati yetu kama mtu mwenye haraka. Hapo uliiacha njia kubwa ya wageni, ukaingia kulia, mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote. Baada ya muda majani yalifunguka, nikaona genge. Upande mmoja jabali limesimama wima, jeusi, linatiririka maji. Upande mwingine hapakuwa na kitu, ila chini sana kabisa, korongo la kijani na mvumo wa mto.

Uliugeuza uso wangu kwenye mwamba. "Usitazame chini," ulisema. "Tazama kisigino changu. Kikisimama, simama."

"Na kikianguka?"

"Kikianguka utakuwa umejua njia ya mkato ya kurudi kwa Mae."

Nilicheka huku nalia. Tulikwenda ubavu ubavu, tumbo likigusa jabali, mpaka tukafika kwenye pango ambalo warina asali walikuwa wakilala. Kutoka pale tuliona migomba yote ya Marangu, na tambarare mpaka Himo, na vumbi la lori moja likitambaa kama mdudu. Ulinieleza kwamba babu alipita hapo, na baba yake alipita hapo, na kwamba njia hii haina jina kwa sababu wanaoijua hawahitaji kuelekezana. Ukaniapisha nisimwonyeshe mtu.

Tuliporudi, Mae alikuwa ameshika fimbo. Ulisema, "Nilimlazimisha." Hukunilazimisha. Ulichapwa fungu lako na fungu langu, nami nilisimama pembeni nikitazama, nikakupenda kwa hilo mpaka kifua kikauma. Leo nikikumbuka sikupendi kwa hilo. Leo naona kwamba hapo ndipo ulipoanzia ubaya wako, huo wa kujitoa kwa ajili ya mtu bila kumwuliza kama anataka kulibeba deni hilo.

Baba alipofariki uliacha shule, darasa la nne. Ulisema huwezi hesabu. Kaka, ni wewe uliyekuwa unanifundisha hesabu! Uliandika kwa kijiti majivuni, ukanifunika macho, ukanitajia jibu sikioni nikikosea. Basi wewe ukapanda mlima na mzigo kichwani, na mimi nikapanda madarasa mpaka shule ya Machame, nikatoka mwalimu. Watu wakanisifu, nami nikaitikia sifa hizo kana kwamba ni zangu. Kila niliposhika kitabu nilijua kuna kichwa cha mtu kilichobeba sanduku la mgeni ili mimi nikishike. Sikukushukuru sawasawa. Ungecheka tu.

Wewe huhitaji kuelezwa habari za blanketi, lakini watakaosoma wanahitaji. Mlimani mgeni ana mfuko wake wa kulalia na mablanketi mawili juu yake. Wapagazi hupewa blanketi moja kwa watu wawili. Ndivyo kazi ilivyo, na aliyeipanga hajawahi kulala huko. Kwa hiyo kila mtu ana mwenzi wake wa blanketi, na wawili hao hulala mgongo kwa mgongo, na kwa kuwa joto la mtu unalizoea, hawabadilishani. Hata ulipopewa cheo cha kuongoza wageni hukupewa blanketi lako. Mwenzi wako alikuwa Samweli, yule mfupi wa kule kwenye daraja, safari baada ya safari, miaka sita.

Alipokuja kwetu kula mtori alikuwa akimwambia Mae, "Mae, mwanao ananivutia blanketi. Nataka mahari yangu irudi."

Nawe ukamjibu, "Mwanamke anayekoroma vile harudishiwi kitu."

"Mwanamke ni nani? Mimi ndiye ninayelala upande wa mlangoni!"

"Unalala mlangoni kwa sababu ya miguu yako. Hata chui amelalamika."

Mae alikuwa akicheka mpaka akafuta macho. Samweli haji tena kula kwetu. Alikuja mara moja, siku ya tisa baada ya kukuzika, akakaa nje kwenye jiwe, akakataa kuingia. Chini ya kwapa alikuwa na kitu amekikunja. Alikitandika juu ya nyasi mbele yetu. Kilikuwa nusu ya blanketi la kijivu, na ukingo wake mmoja umekatwa kwa panga.

Aliniambia hivi. Mgeni wako alikuwa amesikia kwamba kuna njia ya zamani kwenye magenge, upande wa Mawenzi, ambayo mzungu hajaipita. Alikuuliza kwa heshima, nawe ukamwambia unaijua. Mtu aliyeniapisha mimi, dada yake, nisimwonyeshe mtu! Kwenye kibanda cha pili mgeni akasema mizigo ni mingi mno kwa njia nyembamba, watu wanne wabaki na mizigo, waende watatu tu: yeye, wewe na Samweli. Samweli alibeba mfuko wa kulalia wa mgeni pamoja na mablanketi yake. Wewe ulibeba chakula, na blanketi lenu.

Kwenye genge mvua ilianza. Mzigo wa Samweli ulinasa kwenye jiwe lililochomoza, ukaanza kumvuta nyuma. "Niliuacha uende, mwalimu," aliniambia. "La sivyo ningekwenda nao. Niliusikia ukigonga mara tatu, kisha sikusikia tena." Wewe hukumlaumu. Ulimshika mkono, ukamvusha, ukamwambia, "Kisigino changu, Samweli." Mkafika pangoni, mvua ikageuka theluji, na kurudi kwenye genge lenye theluji hakukuwezekana mpaka asubuhi.

Mgeni alikuwa na koti la sufu, sweta mbili na soksi juu ya soksi. Alitetemeka, ndiyo. Nyote mlitetemeka. Alisema kwa Kiingereza kwamba anasikia baridi, na neno hilo ulilijua. Ukachukua panga.

"Nikamwambia, unafanya nini?" Samweli alisema. "Akasema, nakata nusu yangu. Nikamwambia, blanketi si mkungu wa ndizi, ukilikata halifai kwa mtu. Akasema, nusu yako ipo pale pale, mke wangu, usipige kelele mbele ya wageni."

Ulimfunika mgeni kwa nusu yako. Kisha ukavua koti lako ukamfunika miguu. Samweli alikuita mjibanze kwenye nusu yake. Ulikwenda, mkajaribu, ikatosha mgongo mmoja. Alipopitiwa na usingizi uliondoka ukamwachia yote. Kulipopambazuka ulikuwa umekaa penye mdomo wa pango, umekumbatia magoti, uso umeelekea nje, kama mtu anayetazama hali ya hewa. Alikuita kwa utani wenu. Alikuita mara ya pili.

"Kwa nini alifanya hivyo?" nilimwuliza.

Samweli alinitazama kana kwamba mwalimu hajui herufi a. "Aliogopa," alisema. "Mzigo ulikuwa umepotea, na mzigo ukipotea ni kosa la kiongozi. Tena mgeni akipata homa? Aliniambia, Samweli, huyu akiugua, katika kitabu changu ataandika nini? Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kitabu."

Nami nimekisoma kitabu hicho, kile kidogo ambamo kila mgeni akishuka huandika sifa zako, na bila hizo hupati mgeni mwingine. Zote ni nzuri. Hodari, mpole, msafi, haombi. Kurasa zote zinasema huombi.

Hapa ndipo hasira yangu inapokujia, Kaka, na usiniambie nitulie. Nani alikwambia nusu ile ilikuwa yako? Nusu yako ilikuwa ya Mae, ambaye amezika mume na sasa amekuzika wewe. Ilikuwa yangu, mimi niliyekuwa natafuta jinsi ya kukutoa kwenye mlima huo, niliyekwisha kukuulizia kazi ya kupima kahawa ghalani ili nikupe habari ukishuka. Uliigawa kama uliyezaliwa peke yako. Ungeweza kusema, "Bwana, blanketi ni letu, kaa katikati yetu, tulale watatu." Sentensi moja! Ulikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa sentensi hiyo, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini ulikuwa na aibu ya kumwambia mgeni alale mgongo kwa mgongo na mpagazi, na yeye hakuwaza jambo hilo. Basi ukafa kwa adabu.

Na yeye? Ningependa kumchukia vizuri. Alilia nyumbani kwetu, machozi ya kweli, na mimi ndiye niliyemfasiria Mae maneno yake, nikiwa nimesimama kati yao, wewe umelazwa nyuma yangu. Alisema hajapata kuona mtu kama wewe. Alisema ana deni la uhai wake kwako. Kisha akainuka, akatupa mkono, akaondoka, na ile nusu ya blanketi ingali begani mwake. Hakuikumbuka. Nilisikia viatu vyake vikishuka mpaka barabarani.

Miezi minne ikapita. Siku moja mkuu wa shule ninakofundisha aliniita, akanipa karatasi iliyotoka Moshi, ofisini kwa yule mgeni wako. Yeye na rafiki zake wanataka kukuwekea bamba la shaba kwenye lile jiwe kubwa, njia ya mlimani inapoanza, na jiwe liko ndani ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, kwa hiyo wanahitaji idhini ya Mae. Tena wanataka mimi niyatie maneno katika Kiswahili, ili bamba liwe la lugha mbili, na niyasome siku ya kulifunua. Mkuu wa shule alisema ni heshima kubwa kwa familia yetu na kwa shule.

Juu, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la njia. Njia ya warina asali sasa ina jina, na jina hilo ni la mgeni wako, maana ndiye wa kwanza kuipita na kuichora kwenye ramani. Chini yake, kwa herufi ndogo, mtumishi mwaminifu, na jina lako la ubatizo tu, bila la baba, kama wanavyoandikwa watoto na mbwa. Kisha maneno haya, nayaweka kama nilivyoyafasiri: aliyetoa uhai wake kwa furaha ili bwana wake aishi.

Sasa nikwambie nilichofanya kwanza, kwa sababu sitaki kukusema wewe peke yako. Niliipeleka karatasi nyumbani, nikamsomea Mae uongo. Aliketi na mikono mapajani akisubiri, ana uso ambao sijauona tangu uondoke, nami nikaona siwezi. Nilimsomea kwamba njia imepewa jina lako. Nilimsomea jina la baba. Neno furaha nililiruka.

Akasema, "Shaba haiozi?"

"Haiozi, Mae."

"Basi hata nikifa atakuwa amekaa pale. Watu watapita wamsome." Akanyoosha kidole gumba palepale, tayari kwa wino. Nikamwambia wino umeisha.

Siku tatu sikula. Nilifundisha kusoma. Niliwasimamia wasichana arobaini, nikawaambia wasome kilichoandikwa, wasibuni. Msichana mmoja aliruka neno, nikamfokea mpaka akalia, nikatoka nje nikaegemea ukuta. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa miguu na kwa lori, nikamkuta Mae anamkatia ng'ombe majani, nikamwambia palepale kati ya migomba, "Mae, nilikudanganya." Nikamsomea neno kwa neno.

Hakukasirika nilivyotarajia. Aliweka mundu chini. Aliniambia nirudie mwisho. Nikarudia.

"Kwa furaha," alisema. "Nani alimwona akifurahi?"

Niliikunja karatasi.

"Mimi ndiye niliyemzaa. Alikuwa mtoto wa kulia baridi. Hata hapa, moto ukiwaka, alikuwa akiweka miguu yake kwenye tumbo langu." Ng'ombe alikuwa akimvuta nguo akitaka majani. "Na blanketi wameliandika?"

"Hapana, Mae."

"Kwamba lilikuwa moja kwa watu wawili?"

"Hapana."

Kaka, nilikwenda kwanza kuwaomba. Naliandika hilo ili mtu asiseme tuliwaonea. Nilikwenda Moshi na sentensi yangu, fupi, ya lugha zote mbili: alikufa kwa baridi mahali ambapo wapagazi wawili hupewa blanketi moja. Karani wa ofisi ile, kijana mwenzetu mwenye tai, aliisoma akanirudishia kama inaunguza.

"Mwalimu, hii si ya kuweka kwenye shaba. Hii ni kesi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Dada yangu, mimi nina watoto." Kisha akaingia ndani, akakaa huko, akatoka na jibu kwamba nafasi haitoshi, kwamba maneno ya kumbukumbu hayafai kuwa na uchungu, na kwamba bwana amesikitika sana. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Niliona mkono wa yule bwana juu ya meza. Hakutoka.

Mkuu wa shule ameniambia nifikirie cheo changu. Mchungaji ameniambia nimfikirie Mae. Mjomba amekuja kutoka Shirimatunda kuniambia msichana aliyesoma sana hukosa mume na hukosa shukrani, na kwamba bamba la shaba si jambo la kila nyumba. Wote wanasema wewe mwenyewe ungekubali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ni kweli. Ungekubali. Ungesimama kando ya jiwe umevua kofia, ukitabasamu, ukimwomba radhi mgeni kwa mzigo uliopotea. Kwa hiyo sikukuuliza.

Jumatatu jioni niliandika barua kwa Kiingereza changu kilicho bora kuliko vyote, kile ulichokilipia kwa shingo yako. Niliandika kwamba sisi wenye kihamba hatukubali bamba wala jina, si kwenye jiwe letu, si kwenye njia yetu, na nikataja sababu: blanketi moja, watu wawili, jina la baba lililoachwa, na neno furaha. Nilimsomea Mae kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga, bila kuruka kitu. Aliniambia nimwonyeshe neno furaha lilipo. Alilitazama. Kisha akachovya kidole gumba katika wino, akakikandamiza chini ya barua kwa nguvu hata meza ikalia.

Jumanne niliipeleka Moshi mwenyewe. Karani aliisoma yote amesimama, akaipiga muhuri wa kupokelewa.

Sijakusamehe bado, Kaka. Pumzika hivyo hivyo, nitakuwa nakuja na maneno mengine.

Mdogo wako